Mama Bahasha na Mabomba Elfu Arobaini na Moja

Baada ya miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na tisa za utumishi, Ijumaa hii ya tarehe ishirini na nane karani wa masjala ya mabomba atafunga kabati namba sita, atakabidhi funguo na kwenda nyumbani. Anastaafu akiwa karani daraja la pili. Aliajiriwa akiwa karani daraja la tatu. Msomaji asidhani ni kosa la uchapaji: katika miaka thelathini na minne mamlaka yetu ya maji ilimpandisha ngazi moja, na hata hiyo alipandishwa kwa mkupuo pamoja na makarani wote wa daraja la tatu, akiwemo mmoja aliyekuwa ameshafariki.

Mwandishi wa wasifu huu, ambaye ni mtu wa kompyuta wa ofisi hii, alipewa maagizo matatu na ofisi ya Mkurugenzi. Wasifu uwe wa furaha, usizidi kurasa tano, na useme kwamba mstaafu "alisaidia" kuandaa mfumo wa mabomba. Furaha ipo ya kutosha, maana ofisi hii ina vichekesho vingi. Kurasa tano nitajitahidi. Hilo la tatu tutalifikia taratibu, kwa kuwa neno hilo moja limenikaa kooni wiki nzima.

Sisi tunamwita Mama Bahasha. Jina lilianza kama dhihaka. Katika mwaka wake wa tano kazini alionekana akipita ofisi moja hadi nyingine akiomba bahasha za kaki zilizokwisha kutumika. Alizifungua gundi kwa mvuke wa birika, akazigeuza ndani nje na kuzibandika upya. Wahasibu wakasema anaziuza kwa wauza karanga. Idara ya Utumishi ikamwandikia barua kumuuliza, na ikaituma ndani ya bahasha ya kaki. Alijibu barua kwa mistari miwili na kubaki na bahasha.

Ili kumwelewa, inabidi kwanza muelewe daftari letu. Kila bomba linalolazwa ardhini, liwe kubwa la kupita mtu mzima au dogo la nyumba moja, huandikwa mstari mmoja wenye namba mbili: namba yake, na namba ya bomba linaloliletea maji, ambalo sisi huliita bomba mama. Basi, hakuna zaidi. Ramani ya zamani ililiwa na mchwa, na mpya ingali inachorwa tangu nikiwa darasa la sita. Kwa hiyo daftari lilimjua mama wa kila bomba, lakini halikujua watoto wa bomba lolote. Ukiliuliza maji ya nyumba hii yanatoka wapi, lilijibu. Ukiliuliza koki hii ikifungwa nani atakauka, lilikukodolea macho.

Wakubwa wetu walikuwa na jawabu. Kila koki ilipofungwa kwa matengenezo, gari lenye kipaza sauti lilizunguka mji mzima likitangaza kwamba maji yatakatika katika baadhi ya maeneo. Maeneo gani halikusema, kwa sababu halikujua. Mji mzima ulijaza ndoo, masufuria na hata vyungu vya maua, kisha nyumba thelathini tu ndizo zikakatikiwa. Njia ya pili ilikuwa karani asome daftari zima kuanzia mstari wa kwanza akiwatafuta watoto wa bomba moja, kisha kwa kila mtoto aliyempata arudi tena mstari wa kwanza. Karani wa mwisho kujaribu njia hiyo aliomba uhamisho.

Mama Bahasha hakuomba uhamisho. Kwa miezi kumi na minne, katika saa zake za chakula cha mchana, alifanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Duru ya kwanza, kila bomba alilipa bahasha yake, tupu, yenye namba juu, na bahasha zote akazisimamisha kwenye maboksi kwa mfuatano wa namba, hivi kwamba mkono ulikwenda moja kwa moja kwenye bahasha uliyoitaka. Duru ya pili alipita daftari mara moja tu. Kila mstari aliokutana nao, alisoma namba ya mama, akaenda kwenye bahasha ya mama huyo na kutumbukiza kipande cha karatasi chenye namba ya mtoto. Alipofika mstari wa mwisho, kazi ilikuwa imekwisha. Ukitaka watoto wa bomba, unafungua bahasha. Ukitaka wajukuu, unafungua bahasha za watoto.

Vipande vile vya karatasi alikatiwa na mumewe, fundi cherehani, kutoka kwenye mabaki ya karatasi za vipimo vya nguo. Vilikuwa vyembamba, vya rangi ya udongo, vyote vya urefu wa kidole cha shahada. Mzee yule alifariki miaka michache baadaye, na kwa muda mrefu mkewe aliendelea kutumia akiba aliyomwachia.

Mwenye akili atauliza kwa nini asingeanza na duru ya pili tu, akitengeneza bahasha kadiri anavyokwenda. Ni kwa sababu anawajua mafundi wetu. Fundi wa ofisi hii hulaza bomba mwezi wa pili na kuleta fomu mwezi wa kumi. Bomba la nyumba mara nyingi liliandikwa daftarini miaka miwili kabla ya bomba mama lake. Yeyote aliyedhani kwamba mama lazima atangulie kuandikwa hakuwahi kukutana na fundi bomba.

Alijua pia siri nyingine ya nyumba hii. Tangi la maji halina mama. Lakini Katibu Muhtasi wa Mkurugenzi, ambaye tunamwita Jaza Kote, hurudisha fomu yoyote yenye nafasi tupu, hata fomu ya likizo ya mjane iliyo na nafasi ya jina la mume. Basi makarani wa zamani, ili fomu zao zipite, walipoandika tangi walijaza namba ya tangi lenyewe kwenye nafasi ya mama. Matangi yetu matano, kwa mujibu wa daftari la serikali, yamejizaa yenyewe. Mama Bahasha aliandika kwa penseli ndani ya kifuniko cha boksi la kwanza: "Aliyejizaa ni tangi, weka mezani. Ambaye mama yake hana bahasha, weka kikapuni, kaulize fundi. Ukishuka kutoka kwenye matangi na kuna bahasha hukuifikia, hiyo ina kesi." Mistari mitatu ya penseli. Iwekeni akilini, maana baadaye tulinunua mfumo uliokuja na kitabu cha kurasa mia nne kisichokuwa nayo.

Kwa miaka zaidi ya ishirini gari la kipaza sauti lilikaa likiota kutu, na hakuna mkubwa aliyejiuliza kwa nini. Walidhani mambo yamejinyoosha.

Kisha wakaja wataalamu. Walikuwa watatu, wenye vitambulisho vya kuning'inia shingoni na desturi ya kusema "kimsingi" kabla ya kila sentensi. Walikuja kuingiza daftari kwenye kompyuta na kuliundia mti, yaani kila bomba likae chini ya mama yake na juu ya watoto wake. Hakuna aliyewaambia kwamba mti huo ulikuwapo tayari ghorofa ya chini, ndani ya maboksi sitini na mawili. Kwa kweli aliwaambia mtu mmoja, mwenye maboksi. Mkubwa wao alimsikiliza akiwa amesimama, akamwambia, "Kimsingi, mama, huu ni wakati wa kompyuta," na kumwomba chai.

Wiki iliyofuata wageni wa makao makuu walitarajiwa, kukatolewa amri ya usafi, na maboksi sitini na mawili yakabebwa kama taka za karatasi. Mama Bahasha hakupiga kelele. Aliuliza nani atasaini kuyapokea. Dereva wa lori la taka alisaini, Ofisa Utawala akasaini, na karatasi hiyo anayo hadi leo. Siku hiyo alirudi mezani kwake, akavuta droo na kukuta fungu la mwisho la vipande vya mumewe limebaki. Alilia. Mimi nilikuwa mlangoni, nikajifanya natafuta stepla. Kesho yake alihamishiwa mapokezi, kupokea barua na simu, ingawa kwenye karatasi za ajira alibaki karani wa masjala.

Sasa kuhusu kazi ya wataalamu, ambayo nilikabidhiwa niisimamie na ambayo, kwa aibu yangu, niliisifu kwenye ripoti mbili. Programu yao ilifanya kile kile kilichomshinda yule karani aliyeomba uhamisho. Kwa kila bomba, ilisoma orodha nzima tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho ikitafuta watoto wake. Mabomba ni elfu arobaini na moja. Zidisha kwa elfu arobaini na moja, upate karibu bilioni moja na milioni mia saba za kuchungulia, na kila kuchungulia ni kwenda kugonga diski upya. Walipoona ni polepole, walisema kompyuta ni dhaifu. Ikanunuliwa kubwa zaidi. Ile kubwa ilifanya upuuzi ule ule kwa sauti ya feni nzuri zaidi. Na kwa kuwa hawakujua habari za Jaza Kote, programu ilipoanza na tangi namba moja ililikuta tangi namba moja miongoni mwa watoto wake lenyewe, ikaanza kuwatafuta watoto wa mtoto huyo, ikalikuta tena. Ilikuwa ikizunguka hivyo tangu Jumamosi. Kwenye kioo palikuwa na maneno mawili: Tafadhali subiri.

Jumanne iliyofuata, miaka sita iliyopita, lori la dizeli lilipinduka alfajiri kando ya chemba ya koki namba mia nne kumi na saba (koki kwetu hubeba namba ya bomba lake), ambayo mafundi wetu walikuwa wameiacha wazi na bomba lake likiwa na ufa. Kufikia saa mbili na nusu asubuhi watu walikuwa wakipiga simu kwamba maji yananuka. Mkurugenzi aliagiza maji ya mji mzima yafungwe. Hapo ndipo aliponipigia muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, kupitia mapokezi. Sauti yake ilikuwa tulivu kuliko ya mtu yeyote niliyeongea naye siku hiyo.

"Kaka, nina akina mama tisa hapa, wawili wako chumba cha upasuaji. Maji ya tangi letu la akiba yataisha saa sita. Niambie kitu kimoja tu, maji haya nitumie au nisitumie?"

Jibu lilikuwa ndani ya mistari elfu arobaini na moja. Kama hospitali ilikuwa chini ya koki ile, kila dakika maji yakiachwa wazi ilikuwa hatari kwao. Kama haikuwa chini yake, kufunga mji mzima kungewakausha bure. Niliwapigia wataalamu. Simu zilikuwa zimezimwa kwa sababu walikuwa kwenye warsha ya kuelezea mafanikio ya mfumo.

Mama Bahasha, ambaye ndiye aliyeunganisha simu ile, alikuja juu na daftari la barua mkononi na kusimama nyuma ya kiti changu.

"Mwanangu, inatafuta nini muda wote huo?"

Nilimwambia inatafuta watoto wa tangi namba moja.

"Tangu Jumamosi? Tangi namba moja lina watoto wawili." Akavuta kiti. "Izime hiyo. Ina sanduku la kuweka kitu kwa namba yake, au haina?"

Lilikuwapo. Kompyuta yoyote inalo, hata ile dhaifu. "Basi mpe kila mmoja sanduku lake kwanza. Usimtafute mtoto wa mtu. Wape tu masanduku. Halafu rudi mwanzo, soma namba ya mama, nenda mlangoni kwake, mwachie mtoto. Ya nini kuzunguka mji mzima ukimuulizia mtu, na mlango wake unaujua?"

Niliandika huku akinisemea. Nilipotaka kusahau matangi alinigonga begani na kusema aliyejizaa awekwe mezani. Nilipouliza kuhusu wasio na mama alisema kikapuni. Programu yote ilitoshea kwenye kioo bila kushusha ukurasa. Nilibonyeza, na kabla sijainua mkono ikawa imekwisha. Nilidhani imeharibika. Yeye aliangalia meza ya matangi, akahesabu kwa kidole: matano. "Imekaa," alisema.

Tulishuka kutoka koki mia nne kumi na saba. Zilitoka nyumba mia mbili na tisa, shule moja, kiwanda kimoja cha mikate, na nyumba moja ya serikali iliyokuwa ya Mkurugenzi, ambaye muda huo alikuwa ameshakunywa vikombe viwili vya chai na kukisifia cha pili. Hospitali haikuwamo. Nikamwambia kutoiona si ushahidi. Akasema basi tupande. Tulichukua namba ya hospitali, tukafungua mama yake, mama wa mama yake, ngazi saba hadi tangi namba tatu, na njiani kote mia nne kumi na saba haikuonekana. Tukapitia na kikapu cha wasio na mama, walikuwa kumi na wanane, wote vioski vya maji na bustani za upande mwingine wa mji.

Nilimpigia muuguzi saa tatu na dakika arobaini. Nilimwambia, "Tumia." Alisema asante na kukata, kwa kuwa alikuwa na kazi. Koki moja tu ilifungwa. Nyumba zote zilifikiwa na watu wetu kwa miguu kufikia saa tano na nusu, na watoto wawili wakazaliwa kabla ya adhuhuri kwenye wodi yenye maji.

Miezi mitatu baadaye ilitolewa tuzo ya Mbunifu Bora wa Mwaka. Ilikuwa na jina langu. Mkurugenzi alisoma hotuba kuhusu ujana na teknolojia, ingawa nilikuwa na miaka arobaini na moja na upara. Mama Bahasha alikuwa mlangoni akiwaelekeza wageni viti. Ningeweza kusema neno moja tu pale jukwaani. Nilijiambia kwamba vidole vilivyobonyeza ni vyangu. Nimekidharau kila kilichofanywa na wataalamu wale, Jaza Kote na Mkurugenzi, na nitaendelea, lakini wao angalau walikuwa hawajui. Mimi nilijua, nikapokea cheti kwa mikono miwili na kuinama.

Alikuja ofisini kwangu kesho yake kunipongeza. Alikitazama cheti ukutani na kusema, "Hongera, mwanangu. Kiweke mbali na dirisha, karatasi hiyo inapauka." Hakuwa na kejeli. Ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo.

Kwa hiyo tumelifikia lile neno. Hakusaidia. Mimi ndiye niliyesaidia: niliandika alichonisemea. Kwa miaka sita ukurasa wa kwanza wa mwongozo wa mfumo umesema kwamba mtunzi ni mimi na chanzo ni mimi, yaani umeandikwa kama tangi letu, umejizaa wenyewe, ili nafasi isibaki tupu. Jumatatu nilipeleka masahihisho makao makuu kwa saini yangu, nikaambatanisha nakala ya ile karatasi aliyosaini dereva wa lori la taka.

Najua ofisi ya Mkurugenzi itataka aya hizi zifutwe. Bahati mbaya rasimu aliyoidhinisha Jaza Kote ilikuwa nyingine, isiyokuwa na nafasi tupu hata moja. Nakala mia tatu za hii mnayosoma zimeshachapwa na kuwekwa juu ya viti. Anayetaka kuzirudisha itambidi azunguke ukumbi mzima akichungulia mkononi kwa kila mtu, kuanzia kiti cha kwanza, na wataalamu wa kufanya hivyo tunao.

Mstaafu ana watoto watatu, wajukuu watano na mfumo mmoja. Kwenye hafla atapewa saa ya ukutani, zawadi ya ofisi kwa mtu ambaye hakuchelewa hata siku moja. Baada ya hapo, watu watakapokuwa wanapiga makofi, nitapita mbele na kumpa bahasha ya kaki iliyokwisha kutumika, niliyoigeuza ndani nje mwenyewe, vibaya. Ndani yake kuna cheti kile. Hakijapauka. Jina langu nimelikata kwa mstari mmoja, nikaandika lake, na makao makuu wamegonga muhuri juu yake. Juu ya bahasha nimeandika namba mbili kama alivyonifundisha: ya kwanza ya mfumo, na kwenye nafasi ya mama, namba yake ya ajira, 0388.

Asante, mama, kwa kila duru uliyoipita mara moja tu. Kakae nyumbani kwako kwa afya na raha, na maji yasikukatikie. Yakikatika, nipigie, najua mlango wako ulipo.